Mkono Uliolala

Ugali wake wa kwanza wa wageni Edah aliusonga akiwa na miaka kumi na mmoja, huko kwao Kiyeyi, siku ya matanga ya babu yake. Mama zake wakubwa walikuwa wamezidiwa na watu, mmoja akamsukumia mwiko amsaidie kidogo tu, na mtoto akasonga sufuria nzima. Wazee walipokula walituma mtu jikoni aulize ni mama gani aliyesonga, maana ule ulikuwa ugali wa wimbi kweli, umeshikana, umelainika, haung'ang'anii mkononi. Waliletewa kitoto chenye magoti yaliyojaa majivu. Watu walicheka mpaka wakasahau kidogo kuwa wapo msibani.

Tangu siku ile mkono wake ndio uliotangulia mbele, yeye akaufuata nyuma. Shule aliachia darasa la sita, na si kwamba kichwa kilimshinda. Hata leo atakutajia kila mtoto aliyekaa safu yake, na nani alikufa, na nani aliiba chaki. Ni baba yake aliyesema inatosha. Akaolewa Lunyo, kwa Wasamia, ambako hakujua hata neno la kuombea maji. Mama mkwe wake alikuwa mkali, mtu wa kuonja chakula kwanza ndipo aitikie salamu. Alionja ugali wa bibi harusi, akakwangua ukoko wa chini akaula wote peke yake. Hakuna tena aliyemuuliza Edah lugha anajifunza lini. Kwa miaka arobaini na mitano, penye msiba au harusi Lunyo, sufuria kubwa ilingoja mpaka afike. Aliketi kwenye kigoda, akaibana sufuria kwa vijiti viwili alivyovikanyaga kwa nyayo, mwiko mrefu kama mchi mkononi, na wasichana walikaa kumtazama.

Mume alikufa. Watoto walikwenda, mmoja Kampala, mmoja ng'ambo ya mpaka. Mkono ulibaki.

Na katika ukoo wao wa Kiyeyi, huo mkono una kazi yake. Wakwe wakija kumchukua binti, anayesonga ugali si mama wa binti. Ni senga, dada wa baba, yule aliyemfundisha msichana mambo ya nyumba. Mkubwa wa wageni anaumega mbele ya wote, anautazama ndani, anakula. Ukiwa sawa, senga anaoshwa mikono, anampa binti ule mwiko aliosongea, na binti anaondoka nao kwenda kwake. Wanasema msichana anahama na mkono wa senga wake. Edah aliwasongea mabinti wanne wa kaka yake Owori, na miko minne ilikwisha kutoka Kiyeyi ikaenda kupika kwa watu. Alibaki Babra, kitinda mimba, aliyelelewa na Edah mwenyewe Lunyo tangu akiwa na miaka saba mpaka alipopata kazi ya saluni mjini Busia. Huyo alimwita Edah mama, na wakati mwingine alijisahau akamwita hivyo mbele ya mama yake mzazi.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, Edah aliteleza akitoka kisimani. Aliacha dumu liende, akajikinga kwa kiganja cha kulia. Alisikia mlio, mkavu, kama wa bua la mhogo likivunjika. Alipoutazama mkono, juu ya kifundo palikuwa na nundu, na kiganja kimekwenda kando kama si chake.

Majirani walisema hospitali. Yeye akasema plasta ilimkausha mkono binti wa fulani ukatoka mwembamba kama kijiti, na yeye hataki mkono wa kijiti. Akaenda kwa mzee Ojiambo, anayeunga mifupa, mtu ambaye alikuwa ameunga nusu ya miguu ya Lunyo. Mzee aliuvuta mfupa, Edah akiuma kanga, nundu ikazama kidogo. Kisha akaandaa banzi zake za mianzi, akauliza kwa Kiswahili chake cha sokoni:

"Mama, nafunga mkono hii namna gani? Nafunga ikisimama, ao nafunga ikilala?"

Akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Ukisimama, kiganja kimeinuka nyuma kidogo, kama cha mtu anayesimamisha gari. Ukilala, kifundo kimepinda chini, vidole vinaning'inia.

"Bora ipi?" akauliza Edah.

"Ikisimama itauma sana kufunga. Ikilala, uvimbe inaingia vizuri, haionekani. Lakini ni mkono yako, si yangu."

Edah alifikiri, na alifikiri kama mwanamke aliyelelewa vizuri. Mkono uliosimama ni wa kusukuma watu. Ni wa askari. Mwanamke anapopiga magoti kusalimu, mkono wake unalala mapajani, unashuka, ndiyo adabu yenyewe. Je, wakwe wa Babra waje wamkute senga amewainulia kiganja kama anawafukuza? Tena nundu isionekane.

"Ulaze," akasema.

Akaulaza. Wiki nane. Alimtii mzee katika kila jambo, hata la kutokula bamia. Na banzi zilipotoka, mkono ulikuwa mzuri kuutazama. Haukuwa na nundu wala haukukauka. Ulilala pale mapajani kama wa bibi harusi. Edah alimbebea mzee Ojiambo jogoo.

Kesho yake alishika kikombe cha chai kikaanguka.

Alidhani ni udhaifu wa kukaa kifungoni. Vidole vilikuwa vizima, kila kimoja kilicheza alipokiamuru, gumba lilizunguka. Lakini kifundo kilikataa kuinuka, kimegandia palepale kilipofungwa, na vidole havikufunga ngumi. Vilikuja mpaka katikati vikakoma. Akishika jembe, mpini unazunguka ndani ya kiganja kama umepakwa mafuta. Kukamua shati la maji ilikuwa kulipapasa tu. Sabuni ilimtoka ikaruka. Alikwenda kupiga panga kwenye mhogo, panga likaruka likakata kibaraza. Birika aliliinua kwa kushoto. Na ajabu, mambo mengine yaliwezekana bila shida yoyote: kujifunga kitambaa, kufunga vifungo vya kifua, kujikuna, kupeleka tonge mdomoni. Ndiyo maana watu hawakutambua. Alikuwa akiwaambia, "Nimepona," akisalimu kwa mkono ule uliolala, nao wakausifu.

Mwezi wa saba Owori akapiga simu. "Dada, wakwe wa Babra wametaja siku. Mwezi wa kumi na mbili, Jumamosi ya pili. Wanatoka upande wa Kenya. Mkono unaendeleaje?"

"Mkono upo," akasema Edah. "Ulisikia wapi mkono wangu umekwenda?"

Lakini baada ya kukata simu alisonga kisufuria cha mtu mmoja, na kilimshinda.

Ndipo akaenda hospitali, huko Tororo, bila kumwambia mtu. Walimpiga picha ya mfupa, wakamtuma chumba cha mwisho kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo aliyeitwa Shallon. Alikuwa mtu wa magharibi ya nchi, Kidhopadhola, lugha ya akina Edah, hakijui, wakazungumza Kiswahili kilichovunjika pande zote mbili. Binti alimwita jaja, yaani bibi.

"Jaja, nani alifunga hii?"

"Mimi nilimwambia."

Shallon hakumkemea, na hilo lilimtia Edah hofu kuliko kukemewa. Aliuacha mkono mbaya akauchukua ule mzuri, wa kushoto. Akakiinua kifundo nyuma kidogo. "Kamata kidole yangu, Jaja. Kamata kabisa." Edah akakamata mpaka binti akasema aa! wewe jaja una nguvu! Halafu Shallon akakikunja kifundo kilekile chini kabisa. "Kamata tena." Edah akakamata kwa nguvu zake zote, na binti akakichomoa kidole chake kama anachomoa mwiko kwenye uji.

Edah akautazama mkono wake mzima kama mtu aliyesalitiwa.

"Rudia," akasema.

Wakarudia. Ukiinuka unashika, ukilala unaachia. Mkono uleule, wa mtu yuleyule, hauna ugonjwa wowote.

Hapo akakumbuka jambo ambalo kila mtoto wa Kiyeyi analijua. Kuku akichinjwa, watoto wanapewa miguu. Unatafuta ule uzi mweupe pale mguu ulipokatwa, unauvuta, na kucha za kuku aliyekufa zinajikunja zikikushika. Ukiulegeza, zinafumbuka. Alicheza mchezo huo maelfu ya mara, akawatisha wadogo zake nao, na hakuwahi kufikiri kwamba na yeye amefungwa nyuzi hizohizo.

"Kwa hiyo nyuzi zimelegea," akasema.

"Zimelegea hapa chini, na hizi za juu zimevutwa mpaka mwisho. Haziachi vidole kufunga. Nguvu iko, Jaja. Iko ndani ya mkono. Haina mahali pa kusimama."

"Basi uinue."

Shallon akaitazama ile picha nyeupe na nyeusi muda mrefu. Mfupa ulikuwa umeshikana vile ulivyopinda. Kama angekuja wiki ya kwanza, au hata ya pili! Sasa ilibaki kupasuliwa, kuvunjwa upya na kuwekwa vyuma, na hapo hawafanyi, na kwingine wangemwangalia miaka yake sitini na minane wakatikisa kichwa. Mazoezi yangempa kidogo. Akamwonyesha ukubwa wa hicho kidogo kwa vidole viwili. Kilikuwa kama punje ya maharage.

"Jaja ajifunze kutumia kushoto," akasema.

"Wakwe hawasongewi kwa kushoto, mwanangu."

Alifanya mazoezi. Asiseme mtu kwamba hakufanya. Asubuhi na mchana alilaza kiganja juu ya meza akakikandamiza kwa kile kingine mpaka machozi yakatoka yenyewe. Aliloweka mkono kwenye maji moto. Miezi minne, na alipata ile punje ya maharage. Alijaribu kusonga akiwa amesimama, akajaribu akiwa amepiga magoti, kiwiko kikiwa juu, kiwiko kikiwa kimebanwa ubavuni. Mwishowe alikata ukanda wa kitambaa, akaufunga mwiko kwenye kiganja, akaviringisha mara nne. Kwa sufuria ya watu watatu ilifanya kazi. Ya watu watatu.

Angeweza kusema. Usiku na mchana neno lilikuwa hapo mdomoni. Angempigia Babra: mwanangu, mkono umekufa, mwache mama yako asonge. Lakini mama yake Babra ni Atai, mke wa Owori, Mteso mwenye ulimi, na kwa miaka thelathini Edah alikuwa amemwonyesha Atai kwamba hajui kusonga. Mbele ya watu alikuwa akiugeuza ugali wa Atai kwa kidole na kusema, "Wifi, huu umepikwa au umeoshwa?" Na vicheko vile vyote vilikuwa vimewekwa mahali, vinamngoja.

Jumamosi ikafika. Kiyeyi ilikuwa na jua kali na turubai mbili uani, wageni wamekaa kwa mistari, akina mama wa upande wa Kenya wamevaa sare ya kijani. Edah aliingia jikoni mkono ukiwa chini ya kanga. Maji yalikuwa yanachemka kwenye sufuria kubwa, unga wa wimbi uliochanganywa na wa mhogo uko kwenye beseni.

Atai akamwona akifunga ule ukanda. "Wifi, nini tena hiyo? Mwiko sasa unavaa bendeji?"

"Jasho. Unateleza."

"Mh. Miaka yote hakukuwa na jasho." Kisha akasogea, na sauti yake ikabadilika, ikawa chini. "Edah. Huo mkono una nini? Nipe nikusaidie, nani ataona? Mlango tunafunga."

Hakikuwa kicheko. Ilikuwa huruma, kweli kabisa, na Edah angeipokea kutoka kwa mtu yeyote duniani isipokuwa huyo.

"Siku utakayofundishwa kusonga, wifi, tutafunga mlango. Leo toka nje, unauzibia moshi njia."

Atai akatoka.

Mwanzoni ulikwenda. Uji ukiwa mwepesi hata mtoto anakoroga. Aliongeza unga, akakoroga, akaongeza. Kisha ukaanza kushika, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo: lazima mwiko uingie chini, uukandamize ugali kwenye ukuta wa sufuria, uukunje, uuvute kwako, tena na tena, haraka, kabla unga mkavu haujajificha. Aliukandamiza. Mwiko ukazunguka ndani ya ukanda. Akakandamiza kwa bega, kwa mgongo, kwa uzito wa mwili mzima, na kila alipotia nguvu kifundo kilipinda zaidi chini, na kilipopinda vidole vilifumbuka. Alivitazama vikifumbuka. Alivipigia kelele kwa lugha ya mama yake. Aliweka na kushoto juu yake, mikono miwili, mwiko ukagonga ukuta sufuria ikaondoka kwenye vijiti, ikabidi aizuie kwa mguu. Alisikia, kupitia mti wa mwiko, mahali unga ulipokuwa bado ni unga. Mkono ulijua kila donge lilipo. Haukuweza kulifikia.

Nje waliita kwamba wageni wamenawa.

Aliupakua kwenye kikapu. Kwa kushoto alichovya kipande cha kibuyu kwenye maji akaulainisha juu, mviringo, unang'aa, mzuri kuliko yote aliyowahi kufanya. Akafungua ule ukanda akautupa motoni. Babra mwenyewe alikuja kuubeba, amevaa gomesi ya rangi ya dhahabu, nywele zimesukwa, harufu ya mafuta ya saluni.

"Mama," alisema, akajirekebisha kwa kucheka, "senga. Angalia ulivyo mzuri! Mwiko wangu uko wapi?"

"Upo. Nenda, wanangoja."

Hapo pia angeweza kusema. Kikapu kilikuwa bado mlangoni.

Babu wa bwana harusi, mzee mrefu mwenye koti, alikaribishwa aumege. Edah alisimama nyuma ya akina mama. Mzee akaugawa katikati. Ndani ulikuwa na mfuko wa unga mkavu ukubwa wa ngumi, na unga ukamwagika juu ya suruali yake, mwekundu, mkavu kama vumbi la barabarani.

Mzee alikuwa mtu mwema. Alijipangusa, akatafuta pembeni mahali palipoiva, akamega kidogo, akatafuna, na lile donge jingine likapasuka mdomoni mwake. Akakohoa. Mtu akamletea maji. Kisha mama mmoja wa sare ya kijani akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Kumbe huyu msichana hakufundishwa?"

Babra alikuwa amepiga magoti mbele yao, kichwa kimeinama kama inavyotakiwa, na Edah aliona shingo yake ikibadilika rangi.

Owori akainuka, akageuka nusu. "Atai! Songa mwingine."

Basi. Maneno matatu. Atai hakucheka, hakutazama upande wa Edah, alikaza kanga akaingia jikoni, na muda si mrefu kikapu cha pili kilitoka. Mzee alimega, akatazama, akala, akasema, "Huu ndio," na vigelegele vikapasuka. Mikono iliyooshwa ilikuwa ya Atai. Mwiko aliopewa Babra ulikuwa wa Atai. Edah aliyaona hayo yote kupitia ufa wa mlango wa nyumba ndogo ya nyuma, alikojiketisha juu ya gunia la mihogo mikavu. Alijaribu kupiga makofi pamoja nao. Viganja havikukutana.

Jioni, jua bado lipo, magari ya wageni yakitiwa mizigo, Babra alikuja na sahani. Alikuwa amelia na kujipaka tena poda.

"Senga, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba."

Babra akaishikilia sahani kwa mikono miwili. Nje walikuwa wanamwita, honi imekwisha lia mara mbili. "Ungeniambia mimi," akasema. "Ningeingia jikoni nikausonga na wewe. Ningeshika juu ya mkono wako. Wangesema nini? Wewe ndiye uliyenifundisha. Sasa wale wanajua kwamba sikufundishwa na mtu, na mimi naenda kukaa nao." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayehesabu nguo zake kabla ya safari. Akaweka sahani juu ya gunia, akapiga magoti, akamuaga kama inavyopasa, akatoka. Neno mama halikumponyoka tena.

Magari yakaondoka kuelekea Busia. Edah alibaki na sahani. Alimega tonge, kwa mkono wa kulia, na mkono ulilikunja tonge, ukalichovya mchuzi, ukalipeleka mdomoni vizuri, bila shida yoyote, kama uliumbwa kwa hilo. Alitafuna polepole akitafuta donge. Hakulipata. Ugali wa Atai ulikuwa umeshikana, umelainika, umeiva mpaka katikati, na Edah aliula mpaka ukaisha.